Aiskrimu Saa Sita, Wali kwa Mbwa

Wiki iliyopita niliishia stesheni ya Mang'ula, begi mgongoni, nimefukuzwa kwenye miwa kwa kumwambia nyapara kwamba kichwa chake kazi yake ni kubeba kofia tu. Kama hukusoma, basi ndiyo hiyo. Hujakosa kitu.

Na yule bwana aliyeandika barua gazetini kwamba mimi sina shukrani, asome na ya leo. Halafu aandike nyingine. Stempu ni zake.

Nilipanda treni, nikashuka Ifakara, nikapiga hodi kwa Baba Mkubwa Dionisi, kaka yake marehemu baba yangu. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka tisini na sita. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nguo jozi mbili na nywele za mtindo wa panki kichwani. Panki hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu ya maana.

Baba Mkubwa ni mstaafu wa reli. Miaka kumi na nane alikuwa akikagua mataruma kwa nyundo, lakini ukimsikiliza utadhani treni ilikuwa ikitembea kwa pumzi yake. Kofia ya reli anayo mpaka leo. Anaivaa shambani, anaivaa msibani, anaivaa kwenye chakula. Anaivua kanisani tu, na hata huko anaishikilia kifuani kama mtoto mgonjwa.

Saa sita kamili mchana sinia linawekwa. Siyo saa sita na dakika moja.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kigoda nilichoonyeshwa, nikanawa, nikamega.

"Beno."

"Naam, Baba Mkubwa."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tatu."

"Mimi nikiwa na ishirini na tatu nilikuwa na mke, baiskeli na nyumba ya bati. Wewe una nini?"

"Nina tonge, Baba Mkubwa."

"Una tonge langu."

Lile tonge likasimama kooni kama gogo.

Siku ya pili ikawa shule: kwa nini niliacha kidato cha pili. Siku ya tatu ikawa nywele zangu. Siku ya nne ikawa marehemu baba yangu, kwamba naye alikuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Kila tonge na hotuba yake. Mzee alikuwa akinipangia makosa yangu kama mabehewa, moja nyuma ya jingine, na kila mwisho wa treni kulikuwa na behewa lilelile.

"Kigoda hicho ulichokalia ni cha Remigius."

Remigius alikuwa mwanawe, mtoto wake pekee. Alifariki miaka miwili kabla sijafika, mwaka wa mafuriko, tumbo lilivimba siku mbili, la tatu wakamzika. Hospitali walisema utumbo ulijisokota. Mtaa ulisema mengine, kwa sauti ya chini.

"Remigius mchana alikuwa hakai hapa," Baba Mkubwa alikuwa akisema. "Unajua kwa nini? Bidii. Mama yake alikuwa anamfungia chakula kwenye hotpoti, anakula hukohuko shambani, asipoteze muda. Mtoto yule! Wewe unatembea na tumbo lako mpaka nyumbani."

Nilivumilia kwa sababu moja tu. Eka tatu za mpunga kule Idete, zilizokuwa za Remigius. Baba Mkubwa alisema mvua zikianza atanikabidhi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Eka tatu, na mimi sijawahi kumiliki hata sufuria.

Upande wa jikoni kulikuwa na Mama Mkubwa Kandida. Mwanamke mfupi, mpole, maneno machache. Wali wake, jamani, niseme kweli kwa sababu uongo nimeshausema wa kutosha: wali wake ulikuwa unanukia mpaka njiani, na kambale wake wa kukausha aliyetiwa nazi angeweza kumrudisha mtu aliyekwisha kuaga. Tatizo halikuwa jiko. Tatizo lilikuwa kofia.

Nilipata kibarua cha kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikamwambia Mama Mkubwa, "Naomba na mimi unifungie kwenye hotpoti. Nitakula kazini."

Alinitazama kidogo. "Kwenye hotpoti?"

"Ndiyo, nisipoteze muda."

Akaenda kuitoa juu ya kabati. Ilikuwa ya kijani, kifuniko kimepasuka ukingoni. Aliifuta vumbi kwa kanga yake taratibu sana. Mimi nikadhani ananichelewesha.

Basi nikajiona mjanja. Siku mbili nilikula kwa amani juu ya magunia. Siku ya tatu, saa sita kamili, naona kofia inakuja. Mzee ametembea na jua lote lile, anakaa mkabala na mimi, fimbo magotini.

"Nimesema nije nikuone unavyokula kama mtu mzima," akasema. "Sasa, kuhusu marehemu baba yako."

Kesho yake saa sita kasorobo nikatoroka na hotpoti yangu.

Sasa nyie mnaoijua Ifakara ya zamani mtakumbuka kwa Nikodemu, ule mgahawa wa aiskrimu nyuma ya soko. Mgiriki mmoja ndiye aliyeufungua, alipoondoka akamwachia mpishi wake, ndiye huyu Nikodemu. Tangu hapo mpaka siku naingia, Nikodemu hakubadilisha hata msumari. Meza za mawe meupe, baridi hata Januari. Viti vya chuma vilivyosokotwa kama mkia wa nguruwe. Mzee mwenyewe koti jeupe, vifungo mpaka shingoni, utadhani daktari wa meno.

Aiskrimu yake siyo ile lambalamba ya barafu inayouzwa kwenye baiskeli, ukimtajia lambalamba anakuuliza kama umekuja kumtukana. Ana pipa la mbao lenye mpini. Ndani kopo la maziwa na mayai, pembeni barafu na chumvi ya mawe, anazungusha kwa mkono wake tangu saa nne. Saa sita kamili anapiga kengele. Ndoo moja. Saa kumi na moja nyingine. Ikiisha, imeisha, hata uje na askofu.

Wateja wake nilikuwa nawacheka. Masista wawili. Karani na mchumba wake, wanakula kijiko kimoja kwa zamu kama vifaranga. Watoto wa wenye maduka. Mimi nimeingia na vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi, nimepotea njia, au ndivyo nilivyojiambia. Halafu nikaona kibao mlangoni, herufi kubwa: VUA KOFIA.

Moyo wangu ukapiga kelele. Hapa ndipo mahali pekee Ifakara nzima ambapo Baba Mkubwa hawezi kuingia.

Nikodemu akaja na kitambaa begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa kwa Dionisi wewe."

"Umejuaje?"

"Unavyokaa. Mgongo ukutani, macho mlangoni." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Mtu akiuliza, hukuwahi kuja hapa. Sivyo?"

Nilikuwa ndiyo nataka kumwambia hivyo. "Ndivyo kabisa, mzee. Sijawahi kuja."

"Sawa. Hujawahi."

Akaniletea kikombe cha kioo chenye mguu mmoja na kijiko kirefu. Nikaweka ulimini. Jamani! Hakuna mtu aliyeniuliza umri wangu. Hakuna aliyemtaja baba yangu. Kitu kinayeyuka chenyewe, hakisimami kooni, hakihitaji hotuba.

Nikarudi kesho. Na kesho kutwa. Mwisho ikawa kila siku, ndoo ya saa sita na ndoo ya saa kumi na moja. Mwanaume mzima, mabega ya magunia, naramba kijiko katikati ya masista. Mngeniona mngenidharau, na mngekuwa sahihi.

Tatizo likawa hotpoti. Kuirudisha imejaa ni kumwambia mpishi chakula chake kibaya. Tumboni hakuna nafasi. Nikatafuta wa kumpa.

Wala sikutafuta sana. Baba Mkubwa ana mbwa, jina lake Tiketi. Siku ile ya kwanza, nakata kona ya ghala bovu, namkuta Tiketi amekaa, mkia unafagia chini, ananisubiri kama mtu mwenye miadi. Nikamwaga wali wote. Akala, akanitazama, akaondoka zake. Kesho, kona ileile, saa ileile.

"Mbwa mwenye akili kuliko ukoo mzima," nikasema. Nikacheka peke yangu. Ningejua.

Jioni nikirudi nilikuwa namega matonge mawili, nasema nimeshiba. Mama Mkubwa akaanza kuhangaika. Akaongeza nazi. Akatafuta perege wabichi. Siku moja akachinja kuku, akanitengea firigisi mimi badala ya mumewe.

"Beno, baba, kwani chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, Mama Mkubwa. Tumbo tu."

Niliposema tumbo, mkono wake ukasimama juu ya sufuria. Mimi nikapita zangu. Mjinga huwa hasikii alichosema.

Mtu hawezi kuishi kwa aiskrimu. Baada ya mwezi na nusu suruali ilikuwa inashikwa na kamba. Mashavu yakaingia ndani. Tiketi naye akawa mnene, anahema akitembea.

Anayeona vitu hivyo mapema kuliko mapadri ni Shangazi Marsiana, dada yake Baba Mkubwa. Mwanamke huyu ana macho ya kuku na mdomo wa redio, tofauti ni kwamba redio betri huisha. Siku moja akanifuata. Hakufika kwa Nikodemu, aliishia kona ya ghala. Akaniona nafungua hotpoti. Akaniona namwaga. Akaniona nimesimama namwangalia mbwa mpaka amalize.

Jumapili baada ya misa wakaniita sebuleni. Baba Mkubwa kofia kichwani, Shangazi pembeni yake, Mama Mkubwa mlangoni kwenye mkeka.

"Mimi sisemi kitu," Shangazi akaanza, na hapo nikajua tutakesha. "Mimi nasema nilichokiona. Mtoto huyu chakula cha nyumba hii hali. Anampa mbwa. Na hampi akaondoka, jamani. Anasimama! Anaangalia kama mbwa atakufa!"

"Shangazi, mimi nilikuwa nasubiri hotpoti."

"Nyamaza. Mtu anakonda, mbwa ananenepa. Mnataka niwachoree? Mtoto anaogopa chakula cha Kandida. Na ana haki ya kuogopa." Akashusha sauti. "Remigius tumbo lilianza lenyewe?"

Mama Mkubwa hakuinua uso.

Wasomaji wa mjini labda hamjui mambo ya kwetu. Kwetu mtu akishasemwa hivyo, kwamba ni mchawi, anavushwa mto Kilombero kwa pantoni, anapelekwa ng'ambo kwa mganga. Ananyolewa nywele zote kwa wembe, ananyweshwa dawa, anarudi kichwa kinang'aa. Wanasema nguvu zake zimekwisha. Lakini akirudi, kila mtoto wa mtaa anajua amekwenda kufanya nini. Nywele zinaota. Jina ndiyo basi. Sokoni hakuna atakayenunua maandazi yake, kanisani benchi litabaki lake peke yake. Na huyu anasemwa kwamba amemla mwanawe.

"Siogopi chakula chake!" nikasema. "Nilikuwa nimeshiba!"

"Umeshiba nini?" Baba Mkubwa akauliza.

Hapo nikatazama dari. Halafu nikasema. "Aiskrimu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Aiskrimu," Baba Mkubwa akarudia.

"Kwa Nikodemu. Saa sita na saa kumi na moja. Kila siku."

"Mwezi na nusu?"

"Ndiyo."

"Mwanaume. Mbeba magunia. Umeacha wali na kambale ukaenda kulamba barafu na masista?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, limeiva kabisa. Kwa sababu yako. Kwa sababu ukikaa mbele ya sinia, wali unakuwa mchanga. Ningelisema tu, kila mtu mle ndani angeniamini, maana wote wamewahi kula naye. Mama Mkubwa angepona palepale.

Lakini nikaziona eka tatu za Idete, mpunga umesimama, jina langu kwenye daftari la mwenyekiti.

"Napenda tu," nikasema.

Shangazi akapiga makofi. "Mmesikia? Mtu mzima anapenda barafu kuliko wali! Hiyo siyo akili yake. Huyo ameshafungwa tayari!"

Mnaona? Nilikuwa nimeufunga mlango, nimejaribu kuufungua, nimeupiga kufuli.

"Twende kwa Nikodemu," nikasema. "Mumuulize mwenyewe."

Tukaenda wote wanne, na nusu ya mtaa nyuma yetu. Baba Mkubwa alipofika mlangoni akakiona kibao, akasimama kama amegonga ukuta.

"Vua kofia, Dionisi, uingie," Nikodemu akasema kutoka ndani. Alikuwa ameshika mpini wa pipa.

"Siingii. Nijibu ukiwa humohumo. Kijana huyu anakula kwako?"

Nikodemu akanitazama. Halafu akamtazama Mama Mkubwa, muda mrefu, mpaka barafu ikasikika inajipanga ndani ya pipa. Mama Mkubwa alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi.

"Simfahamu," Nikodemu akasema.

"Mzee Nikodemu!"

"Hajawahi kuja hapa." Akaendelea kuzungusha mpini.

Ahadi yangu mwenyewe hiyo, amenirudishia kama chenji. Nilimtukana pale, sitaandika nilichosema, mhariri atakata. Nyuma yangu mtaa ulikuwa umeshaanza kunong'ona. Baba Mkubwa akageuka, uso umekuwa wa udongo.

"Jumanne tunavuka," akasema.

Mama Mkubwa akajibu neno moja, ndiyo mara ya kwanza kusema siku ile. "Sawa."

Halafu akaongeza, akimtazama Shangazi. "Lakini mnajua taratibu. Kule ananyolewa anayesemwa na anayesema."

Shangazi akashika kilemba chake. "Mimi sijasema! Mimi nilisema nilichokiona. Aliyesema ni Beno, na amesema kwa kumpa mbwa."

Nami nikagusa panki yangu. Ndiyo, jamani. Mwanamke anakaribia kuvuliwa jina lake, na mimi nawaza panki. Nimewaambia tangu wiki ya kwanza mimi ni mtu wa namna gani.

Jumanne asubuhi tulipanda lori la mchele mpaka kivukoni. Pantoni ilikuwa imejaa baiskeli, majogoo na magunia. Abiria tukashuka kwenye lori tukasimama pembeni. Baba Mkubwa alikwenda mbele peke yake, akawa anatazama maji. Shangazi alikaa juu ya gunia akifungua fundo la kanga. Ndani kulikuwa na pakiti mpya ya nyembe. Amenunua mwenyewe. Amebeba mwenyewe. Alikuwa anazihesabu.

Mama Mkubwa akanivuta nyuma ya lori, kwenye kivuli. Akatoa hotpoti ya kijani.

"Kula."

"Mama Mkubwa, leo?"

"Kula, hapa hakuna wa kukuhutubia."

"Unajua?" nikauliza.

"Beno, mimi nimeolewa na mtu yule miaka ishirini na sita. Nakaa jikoni lakini masikio yangu yapo sebuleni." Akafungua kifuniko. Wali na kambale wa nazi. "Nikuulize. Tiketi alijuaje pa kukusubiri?"

"Wapi?"

"Pale kwenye kona ya ghala. Siku ya kwanza kabisa. Wewe umekuja mwezi wa tano. Mbwa yule ana miaka sita. Nani alimfundisha saa sita kukaa pale?"

Nikatazama hotpoti. Kifuniko kilichopasuka. Vumbi alilokuwa analifuta taratibu.

"Remigius," nikasema.

"Nilimfuata siku moja, nikamwona kupitia dirishani, amekaa meza ya ukutani. Anacheka na Nikodemu, kijiko kiko mdomoni. Mwanangu alikuwa hajawahi kucheka akila." Akafuta ukingo wa hotpoti kwa kanga. "Nikarudi nyumbani. Kesho yake nikapika kama kawaida, nikafunga, nikampa. Akanishukuru. Jioni akarudisha hotpoti safi."

"Kwa nini hukusema? Jumapili ungesema tu, mambo yangekwisha!"

"Nimwambie nani? Yule?" Akaonyesha kwa kidevu, kule mbele, kofia imesimama peke yake. "Yule kila siku anasema mwanawe hakuja mchana kwa sababu ya bidii. Hicho ndicho amebaki nacho. Nimwambie: mtoto alikuwa anakukimbia wewe, amekukimbia mpaka amekufa? Anabaki na nini, Beno? Kofia?"

"Lakini watakunyoa."

"Nywele ni zangu." Akanisogezea kijiko. "Nawe usiseme. Ndiyo maana nilimtikisia Nikodemu kichwa. Angeanza kusema ya kwako, angeulizwa na ya mwingine. Kula, kunapoa."

Nikala. Ulikuwa wali mzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kwenye kinywa changu, na aiskrimu ikiwemo. Mwezi na nusu nilikuwa nampa mbwa kitu hiki. Nilimdharau nyapara, nikamdharau Baba Mkubwa, nikawadharau masista na vijiko vyao, na mtu pekee aliyestahili dharau hiyo nilikuwa natembea naye kila siku ndani ya suruali ya kamba.

Pantoni ikakaribia ng'ambo. Watu wakaanza kubeba mizigo. Mama mmoja mwenye mtoto mdogo alimtazama Mama Mkubwa, akamtazama Shangazi na nyembe zake, akaelewa. Akamvuta mtoto wake upande wa pili, akamfunika uso kwa kanga.

Mama Mkubwa aliona. Akakaza kilemba chake, kana kwamba ni upepo.

Baba Mkubwa akaja, fimbo inagonga chuma cha pantoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba mtu yule naye hukosa usingizi.

"Beno. Kabla hatujashuka. Mimi siyo mjinga, kuna kitu ulikimeza Jumapili. Mwanamke huyu nimeishi naye. Kama kuna neno la kumwokoa, liseme sasa. Ukishakanyaga ule udongo, usilete tena."

Mama Mkubwa akanitazama. Hakutikisa kichwa safari hii. Alinitazama tu, mikono yote miwili juu ya hotpoti.

Nikasikia nyuma yangu Shangazi anachana pakiti.

Eka tatu. Kigoda. Firigisi. Mama yule na kanga yake usoni mwa mtoto.

"Baba Mkubwa," nikasema, "nilikuwa nakukimbia wewe. Na siyo mimi wa kwanza."

"Beno!" Mama Mkubwa akasema.

"Nani mwingine?" Baba Mkubwa akauliza. Lakini sauti ilikuwa imeshapungua, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda mahali asipotaka kufika. "Nani?"

Nilichukua ile hotpoti ya kijani ya Remigius mikononi mwa Mama Mkubwa, nikampa Baba Mkubwa.

Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye kifuniko, pale palipopasuka. Pantoni ikagonga ukingo, watu wote wakayumba, majogoo wakapiga kelele, yeye hakuyumba.

Halafu Baba Mkubwa, mbele ya abiria wote, juani, mahali ambapo siyo kanisa, akavua kofia.